Kinyago cha mwalimu mkuu

Wadau, nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi. Si kwamba nimekosa la kuandika, ila kuna jambo lilinikaa kooni na nilitaka kwanza lishuke.

Mwanzoni mwa mwaka mhariri alinituma wilaya moja (siitaji, mtaelewa mbele ya safari) kuripoti kikao cha wadau wa elimu. Vikao hivi mnavijua: ukumbi wa halmashauri, maji ya chupa, mgeni rasmi aliyechelewa saa mbili, na afisa elimu anayesoma orodha ya shule kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho kwenye mtihani wa darasa la saba. Walimu wakuu wa shule tatu bora walipewa vyeti na bahasha. Kisha akaitwa mwalimu mkuu wa shule iliyoburuza mkia, mtu wa makamo, shati jeupe limenyooshwa vizuri. Akakabidhiwa kinyago cha mti chenye mdomo uliopinda, akaagizwa akakiweke ofisini mpaka shule yake ipande. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilikuwa mbele na kamera. Nikapiga picha.

Picha ikatoka ukurasa wa tatu na mhariri akanisifu. Jioni mama akanipigia. Mama yangu ni mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya serikali huko Kilombero, mwaka wa 29 sasa yuko na chaki mkononi.

"Mwanangu, picha yako nimeiona. Shule ya huyo mwalimu ina walimu wangapi?"

Sikujua.

"Ina watoto wangapi?"

Sikujua.

"Sasa uliandika nini?"

Akakata simu. Jamani, mama hajawahi kunikatia simu. Hata salio likimwishia hutafuta simu ya jirani amalizie kuniaga.

Nisiwafanye walimu wote kuwa malaika. Mimi ni zao la shule ya kata. Mwalimu wetu wa hisabati kidato cha tatu aliingia darasani siku anazotaka yeye, na akiingia alimpa kiongozi wa darasa kitabu atuandikie ubaoni, yeye akaenda zake. Logarithimu nilifundishwa na kijana aliyemaliza kidato cha sita, tukimchangia hela ya nauli. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014 ulikuta karibu nusu ya walimu wa shule za msingi nchini hawapo darasani wakati wanapotakiwa kuwa wanafundisha, na wengi wao walikuwa pale pale shuleni. Kwa hiyo anayesema walimu wapimwe, namwelewa. Yule wa hisabati angepimwa na mimi ningekuwa wa kwanza kushangilia.

Lakini tumekuwa tukiwapima kwa namna gani? Februari 2009 nilikuwa bado shule ya msingi, na nakumbuka mama na wenzake wakiwa wamekaa kimya kuzunguka redio. Mkuu wa Wilaya ya Bukoba wakati huo, Albert Mnali, alikuwa ameamuru walimu 19 wa shule tatu za msingi wachapwe viboko na askari polisi, kwa uchelewaji na matokeo mabaya ya wanafunzi wao. Watu wazima, wenye watoto nyumbani. Rais Kikwete alimfukuza kazi mwezi huo huo, na nchi ikaona suala limeisha. Lakini lile wazo kwamba mtoto akifeli kuna mtu mmoja wa kuadhibiwa, na mtu huyo ndiye aliyeshika chaki, halikufukuzwa na mtu. Kinyago kile kilinikumbusha Bukoba, tofauti ni kwamba safari hii hatukuhitaji askari. Kamera yangu ilitosha.

Halafu kuna matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Kaka yangu alikuwa humo. Yalipotangazwa Februari 2013 zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri, na kila kijiwe kiliwatukana walimu. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, matokeo yakafutwa, alama zikapangwa upya kwa utaratibu mwingine, na ufaulu ukapanda kutoka kama asilimia 34 hadi 43. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyefundisha kipindi cha ziada kati ya matokeo yale mawili! Kaka alibaki na sifuri yake, ila rafiki yake waliyekaa dawati moja akapata daraja la nne. Je, mwalimu wao alikuwa mzuri au mbaya?

Basi nikaamua kurudi kwenye ile wilaya kwa nauli yangu. Kutoka barabara kuu ni saa nzima ya bodaboda. Mwalimu mkuu nilimkuta anafundisha.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwandishi. Umeniletea kinyago kingine?"

Nikamwomba radhi. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe, akanipeleka darasani. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto 118 na mwalimu mmoja. Shule nzima ina walimu sita pamoja na yeye, kwa madarasa saba. Akanifungulia daftari la mahudhurio. Miezi ya mpunga alama za utoro zimejaa ukurasa, kwa sababu wazazi huhamia mabondeni kulinda ndege na watoto huenda nao. Waliofanya mtihani mwaka jana, wengine alipowapokea wakiwa darasa la tatu walikuwa hawajui hata herufi. "Walipofika chumba cha mtihani wote walikuwa wanasoma," aliniambia. "Hiyo haina cheti."

Nilimuuliza kama hana kosa lolote. Akacheka kidogo. Akasema anaye mwalimu mmoja mlevi ambaye Jumatatu hajulikani kama atafika, na ameshamwandikia taarifa zaidi ya mara moja. Ila akiondolewa watabaki watano.

Siku hiyo hiyo nikapita kwenye shule iliyoshika nafasi ya kwanza. Ipo mjini, hatua chache kutoka halmashauri. Ina umeme, ina walimu 23, na wanafunzi wengi ni watoto wa watumishi, na jioni wanalipiwa tuisheni. Walimu wake wanajituma kweli, sitaki kuwanyang'anya sifa yao. Lakini kuzisoma shule hizi mbili kwenye orodha moja ni kama kushindanisha aliyeanzia mita hamsini na aliyeanzia nje ya uwanja.

Kuna jaribio ambalo natamani kila mkuu wa wilaya angelisoma. Mwaka 2013 na 2014 Twaweza na watafiti waliendesha mpango wa KiuFunza katika shule 350 za msingi kwenye wilaya 10. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine, walimu wa madarasa ya chini waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la somo lao. Nyingine zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikupandisha alama. Motisha peke yake matokeo yake yalisuasua. Waliopata vitendea kazi pamoja na sababu ya kujituma ndio waliopanda. Baadaye walijaribu pia kuwalinganisha watoto walioanza wakiwa kiwango kimoja, njia ambayo kwenye karatasi ina haki zaidi, lakini ile njia rahisi ikafanya vizuri vile vile au kuizidi. Kwa hiyo sidai kwamba kupima ni kazi nyepesi. Nadai tu kwamba afisa anayesoma nafasi ya shule asome na idadi ya walimu wake kwa pumzi hiyo hiyo. Haigharimu hata shilingi.

Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule bora Januari 2023. Ukumbini kule habari hiyo ni kama haijafika, na mimi mwandishi wa habari sikuwakumbusha.

Habari ya pili niliiandika. Ilitoka ukurasa wa 14, aya tano, bila picha. Nilimtumia mama, akajibu kwa neno moja: "Afadhali."

Kinyago nilikiona pia. Kipo ofisini kama alivyoagizwa, sakafuni, kimeegemezwa mlangoni ili upepo usiufunge. Nilitaka kukipiga picha, mwalimu akanizuia kwa mkono. Akasema niandike ninachotaka, ila jina la shule nisilitaje tena.