Nta Inayotupwa Katika Nchi ya Chai

Msafiri atokaye Kericho kwenda Bomet kwa njia ya Litein na Sotik huona chai pande zote za barabara, akadhani kuwa nchi hii haina mavuno mengine. Lakini akielekea mashariki hata ukingo wa msitu wa Mau, ataona mizinga ya magogo juu ya miti. Hata mji wa Silibwet, karibu na Bomet, jina lake ni lile lile la mti ambao maua yake hupendwa mno na nyuki.

Asali ya huku yajulikana, na pombe yake yajulikana zaidi. Linalosikitisha ni nta. Wengi wakisha kukamua masega huyatupa nyuma ya nyumba yaliwe na nondo. Kumbe kilo 10 za asali ya mzinga wa gogo zaweza kutoa karibu kilo 1 ya nta, nayo haiozi. Yaweza kumngoja mnunuzi miaka.

Kuisafisha si kazi ngumu, ila haitaki haraka. Yatenge masega meusi yaliyolea watoto wa nyuki, maana yana makapi mengi na nta kidogo. Yaliyobaki yaoshe asali yote, yafunge katika gunia safi pamoja na jiwe, ukayazamishe katika sufuria ya maji. Maji ya mvua ndiyo bora, na mvua Kericho hatuna uhaba nayo! Chombo cha chuma kisitumiwe, kwani huitia nta weusi, aluminiamu yafaa. Nta huyeyuka kwa joto la digrii 62 hadi 64, basi maji hayana haja ya kutokota. Kandamiza gunia kwa mti, nta itaelea juu. Ipua, funika kwa blanketi kuukuu, ipoe polepole usiku kucha. Asubuhi kitoe kipande, ukwangue uchafu ulioshika upande wa chini. Kikiwa bado kichafu, rudia.

Wako wayeyushao nta motoni bila maji. Hiyo ni hatari kubwa. Ikizidi joto huwaka kama mafuta, na ukiimwagia maji moto huruka hata darini. Funika sufuria kwa kifuniko, basi.

Wengine husifu sanduku la kioo liyeyushalo nta kwa jua. Huenda likafaa Baringo. Hapa petu, ambapo mawingu hujikusanya alasiri, mimi naona kuni ni za hakika zaidi.

Mwenye kupata kipande chake cha kwanza asikiuze chote. Apake kidogo ndani ya mzinga mtupu kabla ya kuupandisha mtini, kwani nyuki watafutao makao huvutwa na harufu yake.