Shule ya Uganga Ndani ya Jabali

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ilimfika mtumishi mmoja wa serikali mjini Tororo, mwalimu kwa cheti na karani kwa kazi, majirani walipoanza kunong'ona kwamba kila Jumamosi usiku watu hukutana nyumbani mwake kufundishana uchawi.

Majirani hawakusikia vibaya. Ni kweli kwamba nyuma ya dirisha lililofungwa watu wazima walitaja dawa, maapizo na milango ifungukayo yenyewe. Lakini ule ulikuwa mchezo tu, wa namna iliyoenea tangu mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walipotoa Dungeons & Dragons. Mtu mmoja huwa msimulizi. Kila mmoja wa wengine hujitwalia mhusika na kusema atakalotenda. Na jambo likiwa na shaka, dadu hutupwa. Aliyekulia kwenye vitendawili, akategewa, akashindwa na kudaiwa mji, hawezi kuuona mchezo huo kuwa mgeni sana. Tofauti ni kwamba hapa hata msimulizi hajui mwisho wa hadithi.

Bwana huyo alitunga shule ya uganga iliyofichwa ndani ya jabali la Tororo, lile lionekanalo kutoka mbali na msafiri wa kila njia. Wanafunzi wake walikuwa wanne: konstebo wa polisi na mkewe mshonaji, wakala wa forodha atokaye Busia upande wa Kenya, na mwendesha boda boda, kazi ambayo jina lake lilizaliwa papo hapo mpakani, zamani za kuvusha abiria kwa baiskeli kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Dadu zilikuwa mbili, zilizoazimwa kwenye ludo ya watoto.

Sheria kuu ya shule ilikuwa moja: kila uganga una bei. Atakaye kuwasha taa pasipo mafuta husahau hadi asubuhi jina la mtu ampendaye. Atakaye kufungua mlango uliofungwa sharti aseme kwa sauti jambo analolificha. Kwa ajili ya bei hiyo konstebo aliuacha mlango wa gereza la shule Jumamosi tatu mfululizo, na mhusika wa mwendesha boda boda akabaki kifungoni. Wenzake walimcheka, naye akanyamaza.

Mnong'ono ulipofika kwa mwenyekiti wa kijiji, kicheko kilikoma. Katika nchi hizi jambo hilo si la mzaha. Uganda ina Sheria ya Uchawi ya mwaka 1957, na Kenya ya mwaka 1925; tena ghadhabu ya watu aghalabu humfikia mshukiwa kabla ya sheria. Bwana huyo aliitwa mkutanoni siku ya Jumapili. Konstebo aliwaza kazi yake, akawaza wakubwa wake, akaamua kutokwenda.

"Baba watoto," mkewe alimwambia huku akikunja kitambaa, "chakula chake tumekila. Leo tumwache peke yake?"

Chini ya mwembe mtuhumiwa alieleza, akaonyesha daftari na dadu. Watu wakaguna. Ndipo bibi mmoja mzee akauliza, "Kama ni mchezo, mwanangu, mbona mnafunga dirisha?"

Hakuwa na jibu. Kweli ni kwamba walikuwa wakiona haya, watu wazima wenye vyeo na watoto, kuonekana wakicheza. Haya hiyo ndogo ndiyo iliyozaa tuhuma kubwa.

Kimya kilipozidi, sauti ilitoka nyuma ya umati. "Mzee mwenyekiti, hata mimi nilikuwamo. Mimi na mke wangu. Dirisha nililifunga mimi." Konstebo alikuwa amesimama, bila sare, jasho likimtoka.

Mwenyekiti alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaomba aonyeshwe mchezo huo unavyochezwa. Wakacheza pale pale. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akatoa hukumu yake: shule yao haina mpishi, na wanafunzi wenye njaa hawafundishiki. Tangu siku hiyo shule ikapata mpishi, na dirisha likaachwa wazi, watoto wa mtaa wakiketi chini yake.

Jambo jema likifichwa hufanana na ovu. Familia nyingi zingeokoka na fitina kama zingewaita majirani mapema, kabla ya majirani kulazimika kubuni.

Jumamosi iliyofuata zamu ya konstebo ilipofika, alinyoosha mkono kuchukua dadu. Msimulizi alimzuia. Mlango wa gereza, alisema, umekwisha funguka. Bei yake ililipwa Jumapili.