Kafe ya intaneti jirani na stendi ya Moshi

Wiki iliyopita nilishuka stendi ya Moshi nikaitafuta kafe ya intaneti ambayo mama alikuwa akinipeleka mwaka 2007. Sasa panauzwa kava za simu.

Enzi hizo mtandao ulitufikia kwa setilaiti. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Ukurasa ulifunguka kwa kujivuta huku dakika tulizolipia zikiyoyoma. Mama alifuata barua pepe za mjomba aliyekuwa Uingereza. Katikati yake zilijazana nyingine: vidonge vya nguvu za kiume (niliuliza ni dawa ya nini, nikaambiwa nitazame ukutani), mjane wa jenerali mwenye mamilioni, na ushindi wa bahati nasibu ya Uingereza.

Hiyo ya bahati nasibu mama aliiamini. Walitaka kwanza gharama za kushughulikia malipo. Akatuma ada yangu ya muhula wa pili, kisha akakopa akatuma tena. Baba alijua siku niliyorudishwa nyumbani.

Nigeria utapeli huo huitwa 419, namba ya kifungu cha sheria yao ya makosa ya jinai. Mama hakuwa na jina la kuuita. Alinyamaza, akaanza kukaanga maandazi ya kuuza hadi deni likaisha.

Nikiwa bado pale mlangoni, simu ikaingiza ujumbe wa namba ngeni: “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Nikampigia mama. Akasema na yeye ameupata asubuhi, ameufuta.

Kisha akauliza, “Ile kafe bado ipo?”