Siku nne Nateete: kutembea Kampala na mgonjwa na pesa kidogo

Tangu nirudi, kila nikifika kwenye bomba la maji naulizwa: “Mama, ulifanyaje Kampala na mtoto mgonjwa, na wewe Kiganda hukijui?” Kujibu mmoja mmoja kumenichosha. Naandika hapa, na wewe uliyepewa transfa usome kabla hujafunga mzigo.

Mwezi wa tano 2024 mtoto wangu wa kiume, miaka tisa, alisikika moyo wake unapiga kwa sauti isiyo ya kawaida. Tukaandikiwa kwenda Uganda Heart Institute, iliyo ndani ya eneo la hospitali ya Mulago. Siku yetu ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi. Niliambiwa wazi: ukikosa siku hiyo utapangiwa nyingine, na nyingine inaweza kuwa mbali. Nauli tulisaidiwa, pa kulala tukajitafutia. Niliuza mbuzi na mahindi, nikapata shilingi 240,000.

Safari ya basi sitaieleza sana. Kutoka Nakivale mpaka Mbarara ni vumbi, kutoka Mbarara mpaka Kampala ni lami, kilomita kama 270. Pale Kayabwe mtoto aliona alama ya mstari wa Ikweta kandokando ya barabara, akasahau kutapika kwa dakika kumi.

Dada mmoja wa Bukavu anayeishi Kampala alinishauri kwa simu: usishuke katikati ya mji, huko loji ni ghali. Shuka Nateete, basi la Mbarara linapita hapo hapo. Alisema kweli. Loji tuliyopata ilikuwa 25,000 kwa usiku: maji ya ndoo, choo cha nje, kitanda kimoja, lakini mlango una kufuli nzuri. Mwenye loji, mama mzee, aliangalia kadi yangu ya mkimbizi akaandika namba bila kukunja uso. Hiyo kadi, ndugu zangu, msiiache nyumbani. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kutembea katika nchi hii, lakini askari au mwenye loji anataka kuona karatasi, hataki kusomewa sheria.

Sasa mambo ya kutembea. Kwanza jueni kwamba Kampala “taksi” ni ile Hiace nyeupe ya watu 14, siyo gari dogo kama kwetu. Gari dogo linaitwa special hire, na bei yake muwaachie wenye nayo. Jambo la pili lilinichekesha. Makondakta wa Nateete wanapiga kelele “Kampala! Kampala!” Mimi nikajiuliza, kwani hapa ni wapi? Kumbe kwao Kampala ni katikati ya mji tu. Ukisikia hivyo, panda.

Lakini uliza inapita wapi. Kutoka Nateete kuna njia mbili za kwenda mjini. Moja inapita Ndeeba na Katwe mpaka Clock Tower, nyingine inapita upande wa Mengo na kutokea karibu na Old Kampala. Mbali si mbali, kilomita kama sita, ila siku ya foleni au mvua tofauti yake ni kubwa, mtaona. Kama njia ya Mengo, utaona mnara mrefu wa msikiti wa Gaddafi juu ya kilima cha Old Kampala. Mimi nilimwambia mtoto, “Huo ndio alama yetu.” Mji wenyewe ni vilima vitupu, usitafute majina ya barabara, tafuta kilima.

Jumatano tulikwenda kujaribu njia, tusije tukapotea siku yenyewe. Nawashauri nanyi mfanye hivyo. Ila hapo ndipo nililiwa. Kwenye paki ya taksi, magari yamebanana kama dagaa guniani, kijana mmoja akashika mfuko wangu. “Mulago? Njoo, mama, huku.” Akatupeleka kwenye gari, akadai 5,000 za watu wawili, nikampa. Gari lilipoondoka kondakta wa kweli akaanza kukusanya nauli. Yule kijana wala hakuwa mtu wa gari hilo! Nikalipa mara ya pili. Nililia kidogo, kwa sababu 5,000 ni chakula cha siku. Tangu siku hiyo nalipa nikiwa ndani, gari linatembea, na kondakta amelipwa na wengine mbele yangu.

Kuhusu lugha. Kiswahili Kampala wengi wanakisikia lakini hawapendi kukijibu, hasa wazee. Miaka mingi kilikuwa lugha ya askari, na watu wana kumbukumbu zao. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, lakini kwenye taksi bado. Jifunzeni maneno machache tu. Mwanaume unamwita “ssebo”, mwanamke “nnyabo”. “Lukumi” ni elfu moja, “nkumi bbiri” ni elfu mbili. Ukitaka kushuka sema “maaso awo”. Mimi nilisema kwa sauti ndogo nikapitishwa steji mbili. Sema kama unamwita mtoto aliye ng’ambo ya bonde.

Basi Alhamisi ikafika. Mvua ilianza saa kumi usiku. Saa kumi na mbili tuko barabarani, na nauli ambayo jana ilikuwa 1,500 imekuwa 3,000. Ndivyo ilivyo huko: mvua ikinyesha bei inapanda, na hakuna wa kumshtaki. Magari yalijaa. La kwanza lililokuwa na nafasi nikapanda bila kuuliza. Kosa langu. Lilikuwa la Ndeeba. Tulipokaribia Clock Tower maji yamefunika barabara, magari yamezima. Saa moja na nusu tumekaa hapo hapo. Mtoto anatetemeka, anapumua haraka haraka. Ananiuliza, “Mama, watatuacha?” Sikumjibu.

Bodaboda nilikuwa nimeapa sitapanda. Nilishuka majini, nikamwita mmoja. Akasema 10,000. Nikamwonyesha karatasi ya hospitali na mtoto. Akasema 7,000, akavua koti lake la mvua akamfunika mtoto. Tulikaa watatu, mimi nyuma nimemshika mwanangu kama mzigo wa kuni. Nilifumba macho mpaka Wandegeya. Sisemi nanyi mpande. Nasema siku hiyo nilipanda.

Tulifika saa mbili na dakika ishirini. Nilijua tumechelewa, magoti yalikuwa maji. Muuguzi akaangalia karatasi, akamwangalia mtoto, akasema, “Kaa hapo.” Mvua ilikuwa imewashika wengi, benchi lilikuwa nusu tupu. Alipakwa jeli kifuani, akaona moyo wake kwenye skrini. Ijumaa tukaambiwa: kuna tundu dogo, halihitaji kupasuliwa sasa, arudishwe baada ya miezi sita. Jumamosi tukapanda basi. Mfukoni zilibaki 31,000.

Jioni ile ya Alhamisi mama wa loji alitucheka sana tulipomsimulia. “Na kwa nini mlipita mjini?” Akachora kwa kidole mezani. Kutoka Nateete unarudi nyuma kidogo mpaka Busega, inapoanzia Northern Bypass. Hapo unapanda taksi inayozunguka mji kwa nje, Namungoona, Bwaise, mpaka Kalerwe. Unashuka Kalerwe, na Mulago iko karibu, unapanda nyingine fupi au unatembea kama mgonjwa ana nguvu. Paki huioni, Clock Tower huioni.

Mwezi wa kumi na moja 2024 tulirudi, loji ile ile, tukapita njia hiyo. Saa moja na dakika kumi tulikuwa Mulago, tumekauka. Tulinunua kikomando, chapati iliyokatwakatwa na maharagwe, tukala tumesimama. Daktari alisema tundu halijaongezeka. Tulipokuwa tunarudi, kondakta alitaka kutupitisha Busega. Mtoto ndiye aliyepiga kelele, “Maaso awo, ssebo!” na gari zima likageuka kumwangalia.