NI MIMI NINAYECHEZA, AU NI ROHO?



Soma: 2 Samweli 6:1-16, 1 Mambo ya Nyakati 15:11-16, 1 Wakorintho 14:26-33.

Kijana mmoja ameniuliza swali ambalo najua wengi wenu mnalo: "Pasta, wakati wa sifa mwili wangu huanza kucheza hatua ambazo sijazipanga. Ni mimi, au ni Roho Mtakatifu?"

Mpendwa, swali hilo lina mtego. Linadhani ni lazima mmoja atoke ndipo mwingine aingie.

Mwangalie Daudi. Safari ya kwanza ya kuleta sanduku, vinanda vilikuwepo, matari yalikuwepo, shangwe ilikuwepo. Lakini sanduku liliwekwa kwenye gari la ng'ombe, kinyume na agizo, na Uza akafa njiani. Safari ya pili Walawi walijitakasa, wakalibeba mabegani, na waimbaji wakapangwa. Ni katika safari hiyo tunamwona mfalme akirukaruka mpaka mkewe Mikali akamdharau. Hatua za Daudi hazikupangwa na mtu. Kilichopangwa ni moyo: alijua anacheza mbele za nani.

Hata dhaanto tunayoiona kwenye arusi za majirani zetu Wasomali hapa Garissa inafundisha jambo. Makofi yanashika mdundo, na mchezaji yuko huru ndani ya mdundo huo. Akiuacha, hachezi tena na wenzake.

Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba zamani sanamu ndizo zilizowakokota ovyo. Kisha akawaambia anayetabiri anaweza kunyamaza, zamu ya mwenzake ikifika. Pepo humnyang'anya mtu usukani. Roho Mtakatifu humrudishia. Ndiyo maana kiasi kimo katika tunda la Roho, Wagalatia 5.

Sisi wa Garissa tunalijua jambo hili kwa uchungu. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya mji huu yalishambuliwa siku ya Jumapili. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, na miongoni mwa wanafunzi walikuwemo waliokuwa katika maombi ya alfajiri. Tangu hapo wako kati yenu mnaoinua mikono huku jicho moja liko mlangoni.

Sikulaumu, mama. Sikulaumu, ndugu. Waliojenga ukuta na Nehemia walishika kazi kwa mkono mmoja na silaha kwa mwingine, na Mungu hakuwaita wasio na imani. Mlinzi anayekupekua langoni anakupa nafasi ya kuabudu. Akipiga kelele, usikie. Anayecheza mpaka hasikii mhudumu akimwita hajawa wa kiroho zaidi kuliko wewe.

Lakini usikubali hofu ikupangie hatua. Ikiwa miguu inataka kumshukuru Mungu na hofu inaikataza, aliyeshika usukani hapo si wewe, wala si Roho.

Jumapili hii, kabla ngoma haijapigwa, mwambie Bwana kimoyomoyo: "Nacheza kwa ajili yako." Kisha acha miguu iende. Ukijikuta unatazama nani anakuangalia, rudisha nia yako. Ukimwona dada kando yako ana mtoto mgongoni, mpe nafasi. Kiongozi wa sifa akishusha wimbo, shuka naye. Ukiweza kutulia, ujue hukuwa umekokotwa. Na wewe ambaye hujacheza miaka hii yote, anza na hatua moja tu. Inatosha.

TUOMBE: Baba, tunakupa nia zetu na viungo vyetu. Ondoa majivuno, ondoa hofu. Walinde walio langoni. Wafariji waliobaki na pengo mezani. Tufundishe kucheza mbele zako, kwa jina la Yesu.

Kama umelipokea neno hili, andika AMINA, kisha umtumie mwenzako aliyeacha kucheza.