Vijiti Vinane

Ndugu msomaji, uaminifu wa mtu mzima aghalabu hupimwa mahali asipopatarajia. Wangu ulipimwa juu ya kaunta ya baa, mbele ya mwanangu mwenye umri wa miaka 12.

Tulikuwa San Sebastián, mji wa kaskazini mwa Hispania ambao wenyeji wake Wabaski huuita Donostia. Ilikuwa mwezi Juni, na saa tatu usiku jua lilikuwa halijazama. Tulipita katika vichochoro vya mji mkongwe, ulioteketea kwa moto mwaka 1813 na kujengwa upya, tukafuata vicheko hadi katika baa iliyofurika watu. Wazee, vijana na kina mama waliobeba watoto walisimama bega kwa bega, kila mmoja akipaza sauti kumshinda jirani yake.

Kaunta nzima ilijaa vitafunio viitwavyo pintxo: vipande vya mkate vilivyobebeshwa samaki wa chumvi au mayai yaliyokaangwa kwa viazi, kila kimoja kikiwa kimechomwa kijiti kisisambaratike. Jina lenyewe latokana na neno la Kihispania lenye maana ya kuchoma kwa ncha. Kimojawapo, Gilda, ni zeituni, dagaa wa chumvi na pilipili ya siki vilivyotungwa kama mshikaki; kimepewa jina la filamu ya mwaka 1946.

Katika baa ile hakuna aliyeandika ulichochukua. Ulijichukulia mwenyewe, ukala umesimama, na wakati wa kuondoka ukataja hesabu yako. Vijiti sahanini ndivyo vilivyokuwa shahidi. Nikamkumbuka muuza mishikaki wa kwetu, naye huhesabu vijiti. Lakini yeye jicho lake halibanduki juu ya sahani yako.

Tulikula kwa furaha. Kisha mtu mmoja akanigusa kiwiko bila kukusudia, na vijiti viwili vikaanguka sakafuni, vikapotea kati ya karatasi zilizotupwa. Mhudumu alipofika, nilitazama sahani. Vilibaki sita. Bei ya kitafunio kimoja, nilipoigeuza kuwa shilingi, ilikuwa imekwisha kunikaba koo. Nikainua vidole sita.

"Baba," mwanangu akasema taratibu, "viwili vimeanguka."

Alisema kwa Kiswahili. Katika umati ule wote hapakuwa na mwingine aliyemwelewa. Neno moja tu, "Nyamaza," lingetosha. Mhudumu asingejua kamwe, na euro zangu zingebaki mfukoni. Lakini yule mtoto alikuwa akinitazama, si kwa kunilaumu, bali kwa kungoja.

Nikainua vidole vinane. Mhudumu akatabasamu, akaandika hesabu upya kana kwamba halikutokea jambo lolote. Nikalipa. Tukatoka, tukashuka hadi ufukweni bila kusema neno. Tulipofika kwenye mchanga, mwanangu akaingiza mkono wake katika wangu, jambo ambalo alikuwa ameacha kulifanya tangu alipoanza kujiona mkubwa.

Waswahili husema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi nilimfundisha mwanangu kusema kweli, nikadhani kazi imekwisha. Kumbe, ndugu msomaji, mtoto akishajifunza, hurudi kutudai somo lile lile. Na siku hiyo tusipokuwa na la kulipa, yote tuliyomfundisha huwa maneno matupu.