Ukikesha Kirongwe, Usitoke Nje!

Mpenzi wa sinema za kutisha, kama hujakesha kibanda umiza cha Kirongwe, kisiwani Mafia, bado hujatishika! Sahau viti vya sofa na kiyoyozi. Hapa ni mabenchi, jenereta linanguruma nyuma ya makuti, na filamu tatu mfululizo.

Ikaanza Dracula ya 1958, Christopher Lee na meno yake. Watu hoi kwa kicheko! "Anayeogopa kitunguu saumu ataiweza Mafia?" Ikaja Nsyuka ya Mussa Banzi, vicheko vikapungua. Ilipoingia Shumileta yake ya 2005, binti wa kijini anayempenda binadamu, kibanda kizima kimya, utadhani msibani.

"Shikamoo babu. Mbona mmenywea?" nikamnong'oneza mzee wa pembeni.

"Marahaba. Mjukuu wangu, yule mzungu tunamwona kwenye kioo tu. Hawa wengine tunawapigia ngoma."

Kumbe! Mtu hatishwi na mgeni, anatishwa na jirani yake.

Mjini sinema ikiisha unadandia daladala, basi. Kirongwe unapita chini ya minazi, giza totoro, na tochi ya simu. Ndiyo maana hakuna aliyetoka kabla ya adhana ya alfajiri. Mie nani hata nitangulie?